Mbegu moja, sura tatu: kisa cha mwani wa Manda

Simu ya mama mdogo ilinifikia wiki ya kwanza ya Januari, kaskazi imeshakaa. Hakusalimu kwa urefu kama kawaida yake. "Ndoo utizame wewe na mato yako," aliniambia. "Wewe ndiwe uliyesomea mambo ya bahari. Kikundi kinavunjika hiki."

Kikundi chenyewe ni cha akina mama kumi na wanane wa Lamu, waliopanda mwani kwa mara ya kwanza katikati ya Novemba. Mbegu ilitoka Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, ndani ya magunia yaliyolowa, lori moja, siku moja. Ilipofika waligawana. Kumi wakafunga kamba zao upande wa ndani wa kisiwa cha Manda, kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, maji ya tope na yaliyotulia. Wanane wakaenda nje, upande wa Manda Toto, kwenye mchanga ulio nyuma ya mwamba, maji maangavu yanayosukumwa na mawimbi mchana kutwa. Baada ya siku arobaini na tano kila upande ulivuna wake, na mnunuzi akaja kutazama.

Alifungua magunia, akaomba apelekwe shambani maji yakipwa, kisha akatoa hukumu yake. Mwani huu, alisema, ni wa aina tatu. Kuna mwekundu uliokolea, mrefu na mwembamba, kutoka ndani. Kuna wa manjano, mfupi, mnene, wenye miba iliyosongamana, kutoka nje. Na kuna wa kijani uliotawanyika kila mahali. Alisema wamechanganya spinosum na cottonii, aina mbili za mwani wa biashara, pengine na kitu cha tatu, na kwamba mzigo uliochanganywa hulipwa bei ya chini kabisa, wote.

Maneno hayo yaliingia vibaya. Wanane wa nje wakaanza kusema kwamba wenzao wa ndani waliokota mwani wa porini wakaujazia kamba. Wa ndani nao wakasema kwamba siku ya kugawana mbegu, mabonge manene yalichaguliwa na kupelekwa nje usiku. Mama mdogo yuko upande wa ndani. Dada yake yuko upande wa nje. Hawakuwa wakisemezana.

Na pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa zito: kung'oa mbegu yote, kuitupa baharini, kuchanga pesa upya na kuagiza mbegu nyingine "safi", ikiwezekana cottonii yenye bei ya juu. Kwa watu ambao hawajalipwa hata shilingi, huo ni uamuzi wa kuwamaliza. Ndiyo maana nilifunga safari.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa rahisi, na nadhani ndilo lililotuliza hewa kwa siku mbili tatu. Niliwaomba wakae barazani, kila mmoja na bonge kutoka kamba yake, nikawaambia wasitazame rangi wala unene. Watazame miba imekaaje. Mwani unaoitwa spinosum sokoni, jina lake la kisayansi *Eucheuma denticulatum*, huota miba yake kwa pete. Ukipandisha kidole juu ya tawi unakuta miba imezunguka mahali pamoja kama shanga, halafu nafasi tupu, halafu pete nyingine. Hilo *denticulatum* lenyewe maana yake ni wenye vijimeno. Cottonii, yaani *Kappaphycus alvarezii*, hana pete hizo. Matawi yake hutoka ovyo na ngozi yake ni laini zaidi.

Wakapitisha vidole. Mwani wa nje una pete, zimekaribiana kiasi kwamba tawi zima linaonekana kama limejaa miba. Wa ndani una pete vilevile, ila kati ya moja na nyingine kunaingia kidole kizima. Wa kijani una pete. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, alirudia mara tatu kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kukubali.

Basi cottonii haikuwamo. Ni suala kubwa kwa mnunuzi, na namtetea hapo: spinosum hutoa karaginani, yaani ute wa kugandishia vyakula, ya aina ya ayota, inayoganda laini na kunyumbuka, na cottonii hutoa ya aina ya kapa, inayoganda ngumu. Kiwanda kikipokea mchanganyiko kinapata uji usiojulikana utakuwaje. Hofu yake ilikuwa ya haki. Kosa lake lilikuwa kusoma spishi kwenye unene na rangi, vitu viwili ambavyo mwani mwekundu, kundi ambamo spinosum na cottonii wote wamo, hubadilisha kwa urahisi mno. Hata wataalamu walikwama hapo zamani. Spishi hii ilipewa jina na mwanabotania Burman mwaka 1768 kama *Fucus denticulatus*, na tangu hapo jamii nzima ya mwani huu imepita kwenye majina chungu nzima, kwa sehemu kubwa kwa sababu watu walikuwa wakieleza vipande vikavu vya maumbo tofauti kana kwamba kila umbo ni kiumbe kingine.

Lakini kusema "ni spishi moja" hakukujibu ugomvi. Wa nje walikuwa na hoja nzuri: hata ng'ombe ni spishi moja, na bado kuna mbegu bora na mbegu hafifu. Swali halisi likawa hili. Je, tofauti kati ya ndani na nje imo ndani ya mwani wenyewe, kwenye jeni zake, au imeletwa na mahali ulipofungwa?

Hapa lazima nieleze neno "mbegu", maana limetupotosha sote. Mkulima wa mwani hapandi mbegu kwa maana ya mahindi. Anavunja kipande cha tawi, anakifunga kwa taitai, yaani uzi wa plastiki, kwenye kamba, kipande kinakuwa bonge, bonge linavunjwa tena. Hakuna dume wala jike katika kazi hiyo. Baharini kwenyewe mwani mwekundu una maisha ya uzazi yenye mizunguko ya ajabu: kuna mimea ya kiume na ya kike, kuna hatua ya pili inayoota juu ya jike, na kuna mmea wa hatua ya tatu unaotoa vijimbegu, ambao kwa macho hautofautiani na wa kwanza. Mbegu za kiume hazina hata mkia wa kuogelea, zinachukuliwa na maji tu. Shambani yote hayo yanarukwa. Kinachozidishwa ni mwili uleule, mwaka baada ya mwaka. Shamba la kamba mia linaweza kuwa kiumbe kimoja kilichokatwa vipande elfu. Wataalamu huita kloni.

Nikawapendekezea jaribio la kubadilishana. Ni njia kongwe ya wanabotania na haihitaji maabara. Unachukua mwani wa ndani unaufunga ndani na nje, unachukua wa nje unaufunga nje na ndani. Kama tofauti ni ya damu, kila mmoja atabaki na sura yake popote aendapo. Kama ni ya mahali, mgeni atageuka awe kama wenyeji.

Tulipima vipande vya gramu 100 kwa mizani ya dukani, kumi na viwili vya kila aina kwa kila shamba. Mwani wa ndani ulifungwa kwa taitai nyeupe, wa nje kwa buluu, wa kijani kwa nyekundu, ili asije mtu akasema vimebadilishwa. Na niliomba jambo moja ambalo liliwachekesha mwanzoni lakini likaleta amani: kamba za ndani zikaguliwe na akina mama wa nje, na za nje zikaguliwe na wa ndani, kila bamvua, maji yanapokupwa sana. Hivyo mama mdogo na dada yake wakawa wanapishana kwenye mashua moja.

Wiki sita za kwanza zilinikatisha tamaa kidogo. Taitai za buluu zilizopelekwa ndani zilikuwa bado na mwani mnene katikati, na nyeupe zilizopelekwa nje zilikuwa na uti mwembamba. Wa nje wakaanza kutabasamu. Nilichelewa kuona kilichokuwa mbele yangu: tawi lililokwisha kukomaa halibadilishi umbo lake. Ni sawa na kumtaka mtu mzima arefuke. Pa kutazama ni kwenye ncha, kile kilichoota baada ya kuhamishwa. Na kwenye ncha hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Bonge moja la taitai ya buluu, kutoka nje, lilikuwa na kitovu kifupi chenye miba iliyosongamana, na kutoka hapo yametoka matawi marefu, yaliyokolea rangi, pete zimeachana. Kiumbe kimoja kimevaa sura mbili, ya kule na ya huku. Nililitoa majini nikalipitisha mkono kwa mkono ndani ya mashua. Hakuna aliyesema neno.

Tukavunja ncha hizo, tukazifunga upya kwa wiki sita nyingine. Mwanzoni mwa Aprili, kabla kusi haijatufungia njia ya nje, tulivuna. Nilikata taitai zote, nikachanganya mabonge ya kila shamba kwenye beseni lake, nikawaambia wayatenge, ya buluu huku na nyeupe kule. Hawakuweza. Mimi pia sikuweza.

Sababu zake si uchawi. Rangi nyekundu ya mwani hutokana na protini inayoitwa fikoerithrini, iliyokaa pamoja na klorofili na kazi yake ni kunasa mwanga ule unaofika chini ya maji. Kwenye tope la mikoko mwanga ni haba na chakula, hasa naitrojeni, ni tele, kwa hiyo mwani hujaza rangi. Kwenye maji maangavu yenye jua kali na naitrojeni kidogo, mwani hauhitaji rangi yote ile, na protini hiyo hiyo hugeuzwa akiba: mwani unaila rangi yake mwenyewe na kubaki wa manjano. Kuhusu umbo, tawi refu katika mawimbi hukatika, na kinachobaki ni kilichojikunyata. Katika maji yaliyotulia tawi linaweza kunyooka lifuate mwanga.

Kuna na jambo la tatu ambalo sikulitarajia na ambalo nusura liniharibie jaribio. Tafi. Nje, karibu na mwamba, samaki hawa huja maji yakijaa wakang'ata ncha. Mwani uliong'atwa huchipua matawi mengi mafupi chini ya jeraha, na unaonekana mnene na wenye afya kumbe ni wenye makovu. Tulifunga wavu wa matundu madogo kuzunguka vipande vitatu vya nje, na vilirefuka kuliko majirani zao, ingawa havikufikia urefu wa ndani. Ule unene ambao wa nje walijivunia, sehemu yake ilikuwa meno ya samaki.

Kwa hiyo ndani na nje ni mbegu moja. Niliwaambia hivyo bila kusitasita. Hakuna aliyeokota wala aliyeiba.

Wa kijani ndio uliobaki. Taitai nyekundu, ndani na nje, duru ya kwanza na ya pili, zilitoa mwani wa kijani. Mfupi na mnene kule, mrefu na mwembamba huku, umbo likifuata mahali kama wenzake, lakini kijani hakikuondoka. Ndani ya tope kilikolea tu. Huu sasa ni urithi. Mwani "mwekundu" wa kijani una upungufu wa fikoerithrini, na upungufu huo umo kwenye jeni, hivyo unafuata kila kipande kinachovunjwa. Huko Kanada, mtafiti John van der Meer alionyesha jambo hilo kwa mwani mwingine mwekundu, *Gracilaria*, mwaka 1977: aliwapandisha wa kijani na wa kawaida, akakuta rangi inapita kwa watoto kwa kanuni zilezile za urithi ambazo Mendel alizigundua kwa njegere. Katika spinosum na cottonii wakulima wengi wanajua kwamba kijani, kahawia na chekundu kwa kawaida hushikamana na mbegu yake. Mzigo wa Kwale ulikuja na kloni mbili angalau, na lori moja lilizichanganya.

Kwenye mizani yetu ya dukani sikuona tofauti ya uzito kati ya kijani na chekundu ambayo ningethubutu kumshauri mtu aitegemee. Lakini nilishauri kijani kitengwe kwenye kamba zake, na hapa nilikuwa nafikiria mbali kuliko bei ya mwaka huu.

Jambo linalonisumbua katika kisa hiki ni jinsi macho yanavyodanganya pande zote mbili. Akina mama hawa waliona sura tatu wakadhani wana mali nyingi za aina mbalimbali. Kumbe wana damu mbili, pengine zisizoachana sana. Na kinyume chake pia hutokea, sura moja ikaficha damu mbili. Mwani wa kupandwa uliletwa Zanzibar kutoka Ufilipino, na kilimo kikaanza mwaka 1989. Spinosum wa kwetu wa asili ulikuwapo tayari katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa macho wanafanana. Watafiti walipotumia DNA ya mitokondria, ile ndogo iliyo nje ya kiini cha seli, walikuta wa Asia na wa huku wana alama tofauti, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwenye makundi ya porini huko Zanzibar, alama za Asia zimeenea na kuchukua nafasi ya zile za asili. Kipande kinachokatika kwenye kamba hakipotei. Kinanasa mahali kikaota. Yule bibi aliyepitisha kidole mara tatu asingeweza kuona hilo hata angepitisha mara mia.

Na cottonii hali ni hiyo au zaidi. Mwaka 2006 mtafiti Zuccarello na wenzake walionyesha kwamba mwani huo unaolimwa sehemu nyingi za dunia una DNA ya mitokondria inayofanana karibu sawasawa, huku wa porini wa Afrika Mashariki ukiwa wa peke yake. Maana yake kwa mkulima ni kwamba jua likizidi au maradhi yakiingia, hakuna jirani wa kloni nyingine wa kusimama. Zanzibar wameonja. Cottonii, wenye bei nzuri, ulianza kufa kwenye mashamba ya kina kifupi miaka ya 2000, maji yakipata joto, matawi yakipauka na kukatika, ugonjwa ule ambao Wafilipino huuita ice-ice. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani wa Tanzania, alitumia miaka na akina mama wa huko akijaribu kuupeleka kwenye maji ya kina zaidi. Wanaoambiwa wang'oe spinosum wao waagize cottonii wanastahili kusikia habari hiyo kabla ya kutoa pesa.

Nina sababu ya pili ya kukataa kuagiza mbegu nyingine, na ni ya mtu wa Amu, yaani Lamu. Kaskazini mwetu kuna hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotengwa tangu 1979, na bahari yetu si ya Kwale. Mkondo wa Somalia unaposhuka wakati wa kaskazi hukutana na ule unaopanda kutoka kusini, na maji ya huku hupata chakula kutoka chini kwa namna ambayo pwani ya kusini haina. Mwani wa porini uliozaliwa katika maji haya umechujwa na maji haya. Nikiwaza kwamba unaweza kufunikwa na kloni ya lori kabla hata hatujaupima, moyo unaniuma.

Nilimwandikia mnunuzi maelezo ya ukurasa mmoja na kumpelekea mabonge manne yaliyokaushwa, yenye sura mbili kwenye mwili mmoja, na kitovu chake kimezungushiwa uzi. Alikubali kwamba ni spinosum mtupu, akanunua magunia ya ndani na nje kwa bei ya kawaida ya spinosum. Aliomba wa kijani uwe kwenye magunia yake. Hilo ni ombi la haki na tayari lilikuwa limeamuliwa.

Kikundi kilikubaliana mengine barazani kwa mama mdogo, dada yake akiwa ndiye aliyepika chai. Mbegu haitupwi. Ya kupanda tena itavunjwa kwenye ncha za ndani, kwa kuwa huko hakuna tafi, na itapelekwa nje siku saba kabla ya bamvua ili ishike. Vipande vinavyokatika vitaokotwa na kurudishwa nchi kavu, visiachwe kwenye mwamba. Bibi yule alitaka hilo liwe na faini.

Na siku ya mwisho, tukirudi kutoka Manda Toto, kijana wa mashua alituonyesha bonge la mwani kwenye ufa wa mwamba, mbali na kamba zote. Pete za miba ni zilezile. Rangi ni kahawia ya chai ya mkandaa. Inaweza kuwa kipande kilichotutoroka Desemba, inaweza kuwa mwenyeji. Nilikata ncha moja ndogo nikaiweka kwenye kichupa chenye chembechembe za kukausha, ili ipelekwe kupimwa DNA. Bonge lenyewe hatukuligusa. Mama mdogo alifunga kipande cha kanga kwenye jiwe lililo karibu, ili kila bamvua ajue pa kulitafuta.